Herufi ya Tatu ya Esheli

Siku ile mjinga alikuwa Ngwali. Tulimalize hilo mapema tusije tukabebeshana njiani, maana mji ule ulikuwa na watu hodari wa kugawa ujinga wao kwa majirani, kila nyumba kipande, hadi mwisho haijulikani ulianzia kwa nani. Huu wa siku ile haukugawanyika. Ulikuwa wa Ngwali mzima mzima, tangu kisigino hadi utosi, na yeye mwenyewe baadaye aliusimulia huku akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyeng'olewa jino la upande wa pili.

Mji wenyewe haukuwa na jina. Uliwahi kuwa nalo, walisema, ila Baraza lililiazima kwa shughuli rasmi na halijalirudisha. Kilichobaki cha kuutambulisha ni mti uliosimama langoni, mti wa jangwani usio na tunda la kuliwa, wenye majani madogo mithili ya magamba ya dagaa, na kila asubuhi majani hayo yalidondosha matone ya chumvi. Ukikaa chini yake kulipopambazuka, unainuka na ladha ya mtu aliyelia bila kujua. Kwa lugha ya mji mti haukuwa na jina. Jina lake lilikuwa moja tu, esheli, neno la Kiebrania, nalo lililetwa na mshona vitabu aliyepita zamani, au atakayepita, kwani katika mji ule zamani na baadaye zilikuwa zikipokezana zamu pasipo kuagana.

Mshona vitabu huyo alieleza kwamba Ibrahimu, baba wa wenye safari, alipanda esheli jangwani karibu na kisima. Akaeleza pia kwamba wataalamu wa maneno walikaa wakagombana juu yake miaka mingi. Huyu akasema esheli ilikuwa bustani ya matunda. Yule akasema ilikuwa nyumba ya wageni. Wa tatu, ambaye Ngwali alimpenda kuliko wote, akasema ulikuwa mti tu, jamani, mti. Lakini hata huyo alishindwa kujibu swali lililobaki: mzee wa umri ule anapanda kwa ajili ya nani mti unaokua polepole, usiozaa, kwenye nchi atakayoiacha? Ndipo waliposhika herufi zake tatu, alefu, shini na lamedi, wakasema kila moja huanza jina la tendo kwa Kiebrania. Alefu ni kula. Shini ni kunywa. Lamedi ni kumsindikiza mgeni anapoondoka. Wapo waliosema lamedi ni kulala, ila mshona vitabu hakuwafuata hao; aliona kitanda anaweza kukitoa yeyote mwenye vitanda viwili, bali kutoka nyumbani kwako ukatembea kwa sababu ya miguu ya mtu mwingine, hilo ni jambo la mti uliopandwa na mzee.

Mji ukalipenda neno. Ukalichonga kwenye kibao, ukakipigilia misumari kwenye shina, na mti ukalia chumvi kidogo zaidi mwaka ule. Kisha ukateua watu watatu, mmoja kwa kila herufi. Mpishi alikuwa Bi Hidaya, mwanamke wa mikono mikubwa na maneno machache yaliyochemka. Mtoa maji alikuwa mzee mmoja kiziwi. Na msindikizaji alikuwa Ngwali.

Ngwali alipewa lamedi kwa sababu alichekesha. Baraza liliona mgeni akiondoka huku anacheka hatarudi kudai kitu. Hawakujua kwamba kicheko chake kilikuwa kovu. Huyu mtu aliwahi kuuziwa punda kipofu na muuzaji aliyemsifu kwa kutotishika na simba. Aliwahi kumwazima jirani mlango wake siku ya mvua, na hadi leo nyumba yake inapitisha upepo. Aliwahi kuposa, akakubaliwa, akapeleka kila alichoambiwa apeleke, kisha akaalikwa harusini kama mpiga ngoma. Mambo kama hayo hayakumfanya awe mkali. Yalimfanya akague. Alikagua huku anatania, anatania huku anakagua, na baada ya muda hata yeye hakujua mkono upi ulikuwa wa utani na upi wa kupekua.

Sasa kuna jambo kuhusu kusindikiza ambalo ni lazima lisemwe taratibu. Hapo mwanzo msindikizaji alitembea bega kwa bega na mgeni. Kisha mtu mmoja barazani akauliza, kwa upole kabisa, kwamba ukiwa ubavuni mwa mtu unaionaje mikono yake? Swali zuri, wakakubali. Msindikizaji akarudi nusu hatua. Nusu hatua si kitu. Mtu hupoteza nusu hatua akipiga chafya. Mwaka uliofuata, au uliotangulia, ikawa hatua moja, ili mgongo wa mgeni uonekane. Kisha tano, maana mgongo nao hugeuka. Kisha kumi. Kisha ishirini. Na kila mara neno lilibaki lilelile, limekaa palepale kwenye kibao kama bibi arusi mbele ya watu, huku kitu chenyewe kikizidi kujiondokea kinyumenyume, kikitabasamu ili asiwepo wa kugutuka. Hivi ndivyo maneno yanavyofiwa. Hakuna anayeyaua. Vitu vyake vinahama, yanabaki yenyewe kwenye nyumba, yanaitika hodi.

Jambo jingine ni kiapo. Mtu akikutwa amekufa njiani, hupimwa kwa kamba kutoka alipolala hadi mji ulio karibu kuliko yote, na mji huo hutakiwa kusema maneno matatu chini ya mti, kila neno na mwenyewe. Mpishi husema: alikula. Mtoa maji husema: alikunywa. Msindikizaji husema: alisindikizwa. Yakitimia matatu, mji hauna hatia na marehemu hubeba kifo chake mwenyewe. Moja lisipotimia, asiyeweza kulisema lake hutoka langoni papo hapo, hapewi kikombe wala kikapu, na mji unamsahau kabla hajafika mbali. Enzi za Ngwali kiapo kilikuwa hakijawahi kuitwa. Alikifanyia mzaha akisema akiitwa ataliimba neno lake badala ya kulisema.

Basi mgeni akaja. Alikuja kivuli cha esheli kikiwa kimelala upande wa mashariki, na kivuli kile kilikuwa hakisogei mpaka Baraza liridhie. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amebeba furushi la kaniki lenye kitu kirefu kilichopinda ndani yake. Akasalimia. Na hapo hapo Ngwali akamtilia shaka, kwa sababu aliitikia salamu hadi mwisho, hakuruka kipande hata kimoja. Watu wema, kwa maarifa ya Ngwali, wana haraka. Mwenye muda wa kukuuliza habari za mifugo usiyokuwa nayo ana jambo.

Bi Hidaya alimuuliza maswali matatu kupitia kidirisha, kama ilivyoagizwa: umetoka wapi, unakwenda wapi, umemwacha nani. Mgeni akajibu yote na akaongeza jibu la swali ambalo hakuulizwa, kwamba wali umeiva vizuri. Akala akaacha. Akanywa kwa kikombe kilichofungwa mnyororo, na akakirudisha polepole ili mnyororo usipige kelele. Ngwali alisogea kidirishani akamnong'oneza Bi Hidaya kuwa mtu mwenye adabu namna ile kashaua si chini ya wawili.

"Wewe Ngwali," Bi Hidaya akasema bila kuinua macho kwenye sufuria, "ukishukiwa na malaika utamwambia anyanyue mbawa umkague kwapa."

Ngwali akacheka. Lakini aliporudi alimtazama mgeni kwapani.

Wakaondoka. Mgeni mbele, Ngwali nyuma, hatua ishirini, alizihesabu kwa midomo. Nchi ilikuwa nyeupe na tambarare, na jua lilikuwa halitoki popote, lipo tu, kama amri. Mgeni alisimama kufunga kamba ya kiatu; Ngwali naye akasimama, akainama, akajishughulisha na kamba zake, ingawa alikuwa peku. Mgeni akatazama nyuma, akainua mkono. Ngwali hakuinua wake. Alikuwa anautazama ule ulioinuliwa. Mgeni akaongeza mwendo. Ngwali akaongeza mwendo.

Anaongeza mwendo kwa nini? Kwa sababu ana hatia. Nami naongeza kwa nini? Kwa sababu yake. Na yeye? Kwa sababu yangu. Basi ni nani aliyeanza? Mguu upi ndio wa kwanza katika miguu minne? Mgeni ni nani hasa? Ni yule asiyejulikana, au yule niliyekataa kumjua? Alikuwa mtu pale kidirishani. Hatua ya tano alikuwa mtu. Ya kumi, umbo. Ya ishirini, mgongo unaobeba kitu kirefu. Nikirudi nyuma hatua mia atakuwa nukta, na nukta sitaiogopa. Kwa hiyo hofu yangu ina urefu. Hofu yangu ni ishirini. Nani aliipima? Na mbona shingo yangu inawasha?

Maana ilikuwa inawasha. Ngwali alihisi macho kisogoni, akageuka, na kule nyuma, hatua ishirini, akamwona mtu peku anayehesabu kwa midomo. Alikuwa na tumbo lake Ngwali na kicheko chake cha upande mmoja. Na nyuma ya huyo mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, safu nzima ikarudi hadi kwenye lango, kila mmoja akimlinda aliye mbele yake dhidi ya mji na akiulinda mji dhidi ya aliye mbele yake. Kwa kitambo hakujua yeye ni wa ngapi. Akatazama nyayo mchangani. Za mgeni na zake zilikuwa saizi moja. Akazikanyaga zile za mbele. Zikamwenea.

Mtu mwingine angesimama hapo, akaita, akakimbia kwenda kumshika mkono yule wa mbele amwambie kwamba kuna jambo haliendi sawa duniani. Ngwali alijicheka, akasema ni njaa.

Wakafika njiapanda. Kushoto ni njia inayokwenda nchi za watu, wazi, hakuna kichaka, imekanyagwa na punda. Kulia ni vichaka vyeupe kwa vumbi, na nyuma ya vichaka kuna machimbo ya zamani ya chokaa, shimo lenye mdomo laini usioonekana hadi uwe umekwisha kuukanyaga. Kibao cha onyo Baraza lilikwisha kukiondoa, wasije maadui wakanufaika nacho. Kazi yote ya msindikizaji, ukitoa mbwembwe, ni neno moja kwenye njiapanda ile: kushoto.

Mgeni alisimama. Akaangalia huku, akaangalia huku. Akaona alama za kwato za punda, akaweka mguu mmoja upande wa kushoto.

Na Ngwali, mwenye neno mdomoni, akalibana kwa meno. Alitaka kuona. Akifuata njia ni msafiri. Akiingia vichakani atakuwa amejionyesha. Ni mtihani mdogo tu, hauna gharama. Akasimama kimya hatua ishirini nyuma, mikono kiunoni, anamtazama mtu akichagua.

Mgeni akageuka akamwona amesimama vile. Akatazama ile nchi ya wazi upande wa kushoto, isiyo na pa kujificha. Akauondoa mguu wake pale alipokuwa ameshauweka, akakimbilia kulia, vichakani.

Nilijua, Ngwali akawaza. Na furaha ya kujua ilikuwa tamu, ilimjaa kifua kizima. Kisha akasikia mawe yakiporomoka, kidogo tu, kama mtu anayemwaga dengu kwenye ungo. Kisha hakusikia kitu. Alingoja. Hakwenda kutazama. Akarudi mjini akaripoti kuwa mgeni amesindikizwa, na karani wa Baraza akachora alama kwenye kitabu, na wino ukakauka haraka kuliko siku zote.

Kivuli cha esheli hakikusogea. Huenda zilipita siku tatu chini yake, huenda ni mchana mmoja uliokataa kumalizika. Ndipo akaja mwanamke akiwa amevuta kamba. Aliivuta kutoka vichakani, ikapita njiapanda, ikapita nchi nyeupe yote, akaifikisha kwenye shina la mti akaifunga hapo kwa fundo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Jina lake lilikuwa Salhina. Alisema amemtafuta kaka yake, Mbaruku, mshona magodoro, mji kwa mji, na amempata chini ya shimo la chokaa, mweupe kama sufi. Alisema amefunua furushi lake na sindano yake ndefu haijavunjika. Hakuna mji mwingine ulio karibu na shimo kuliko huu. Kamba iko hapo, anayetaka aipime upya.

Watu wakakusanyika. Mzee Faki, mkuu wa Baraza, alikuja na kiti chake, akampa Salhina pole ndefu iliyopangika vizuri, akamweleza kwamba mji una utaratibu na ataona kwa macho yake hakuna aliyetendewa ubaya. Akawaita wenye herufi.

Bi Hidaya akasogea mtini. Akasema: alikula. Akaongeza kwamba aliusifu wali. Mtoa maji, kiziwi, alisukumwa begani akasema lake kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kisha watu wote wakamgeukia Ngwali, baadhi yao wakijiandaa kutabasamu, kwa kuwa alikuwa ameahidi kuimba.

Ngwali akauweka mkono kwenye shina. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa jepesi, la mtu mmoja kutamka na kwenda kula. Mbele yake upande mmoja palikuwa na nyumba yake inayopitisha upepo, mtaa wake, watu anaowachekesha. Upande wa pili lango, na njia, na kusahauliwa. Akafungua mdomo kulisema, na likatoka na mizizi yake. Alisema alimfuata hatua ishirini. Alisema alisimama aliposimama na kukimbia alipokimbia. Alisema pale njiapanda Mbaruku alikwisha kuweka mguu kushoto, aliuona mguu huo kwa macho yake, na yeye Ngwali alinyamaza ili amjaribu, na kunyamaza kwake, na kusimama kwake vile, ndiko kulikoutoa mguu ule mahali pake. Alisema alisikia mawe. Alipomaliza alicheka, kwa mazoea, na kicheko kikamtisha yeye kwanza.

Mzee Faki hakukasirika. Alimwambia, kama anavyoambiwa mgonjwa, kwamba hakuulizwa hadithi. Ameulizwa neno moja. Alikwenda naye au hakwenda naye? Alikwenda. Sheria ni hatua ngapi? Ishirini. Alizitimiza? Alizitimiza zote, hakuna aliyewahi kuzitimiza namna ile. Basi aseme alisindikizwa, mambo yaishe, na marehemu apumzike.

Ngwali akasema hawezi.

"Huwezi nini? Ulimi unauma?"

"Hauumi, mzee. Umekataa."

Minong'ono ikapita. Wapo waliomwonea huruma, wapo waliokwisha kuanza kumsahau. Jirani aliyeazima mlango alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Mzee Faki akaona heri amgeukie mwanamke. Alimweleza Salhina kwamba neno esheli ni pana, kwamba wataalamu wenyewe hawakuafikiana, wengine walisema bustani, wengine nyumba, wengine kitanda. Sembuse hatua! Hakuna mahali palipoandikwa msindikizaji akae ubavu gani. Mti ni uleule, neno ni lilelile, na kaka yake alipewa herufi zote tatu kama mgeni yeyote. Kama kuna kosa, ni la miguu yake iliyoacha njia iliyo wazi.

Salhina alimsikiliza hadi mwisho. Tone la chumvi lilimdondokea begani hakulifuta. Alisema, kwa heshima iliyokuwa baridi kama sahani ya bati, kwamba kaka yake alikuwa amepita miji saba kabla ya huu. Hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo uliokuwa na mti, wala neno la Kiebrania, wala kibao. Mmoja ulimnyima maji. Miwili ilimfungia milango. Yote saba alitoka akiwa mzima.

Mzee Faki akainuka kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoteza mpangilio. Alisema miji hiyo ni ya watu wasiojali, ilimwachia mgeni azurure kama mbuzi, na kwamba huu umejali, umetoa mtu, mtu mzima na miguu yake, amfuate jangwani kwenye jua lile.

"Wewe, mwanangu, ulitaka tufanyeje?" akauliza. "Tumwache ndugu yako aende peke yake?"

"Peke yake, mzee wangu," Salhina akasema, "angefika."